Inchi Mbili Tena

Fundi Mofizul hasemi kitu.
Anazungusha utepe kiunoni,
macho ukutani, kwa adabu,
anaandika namba mgongoni mwa risiti.
Mwaka jana iliandikwa thelathini na nne.
Kabla ya Ramadhani, thelathini na sita.
Leo kalamu imesita hewani
kama mtu aliyepokea habari ya msiba
na hajui aanze kumwambia nani.

"Niongeze mbili tena, mama?"
kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.
Ongeza.
Kitambaa hakina kesi na mtu.

Nyumbani ndiko kwenye kesi.
Wifi yangu Zawana anahesabu vipande vya halwa
na kuvihesabu tena wageni wakiondoka.
Mama mkwe hutafuna hiliki, anaambia dirisha:
"Mtu hanenepi kwa upepo."
Na Khalfan, mume wangu, mpole,
haniulizi neno. Hufungua friji,
hutazama, hufunga taratibu.
Mlango ule unanisengenya kuliko wifi.

Nimekula nini?
Tende tatu na kahawa chungu baada ya Alfajiri.
Mchana samaki, wali wa kujaa kiganja cha mtoto.
Usiku maji.
Nimetembea toka msikitini hadi daraja la wadi,
nikarudi, nikaenda tena,
mpaka mbwa wa Ibra wakaacha kunibwekea.
Mizani ya bafuni haikuona hata hatua moja.

Ilianza na jino.
Wiki mbili za vidonge. Halafu koo, wiki nyingine.
Halafu kibofu. Halafu jino lile lile.
Moto ulizimika, alhamdulillahi,
lakini tumbo langu halikuwa langu tena:
linanguruma mbele za watu,
linavimba kama unga uliosahauliwa kando ya jiko,
siku nne kimya, ya tano vita.

Daktari Thuraya alipima tezi ya shingo: nzima.
Alipima sukari: nzima.
Akachukua karatasi, akachora utumbo
unaopinda kama mfereji wa falaji.
"Humu mnakaa viumbe," alisema,
"wadogo hawaonekani, wengi hawahesabiki.
Wapo wanaokusagia chakula.
Wapo wanaokupimia cha kuweka na cha kuachia.
Umeliona wadi likishuka?"

Nimeliona.
Halichagui. Hubeba kopo, hubeba mbuzi,
hubeba mtende uliopandwa na babu.

"Basi huenda dawa zilipita hivyo.
Na waliorudi kujenga huenda si wale waliohama."
Huenda?
"Huenda. Elimu yenyewe bado inatambaa."

Nilitoka na lile huenda mkobani
kama mtu aliyerudishiwa hati ya nyumba yake.
Miaka miwili kila kidole kinaelekea mdomoni kwangu,
na leo mtu mmoja ameelekeza pengine.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga.
Changu, wazee wangu, ki ndani ya nguo,
ndani ya ngozi, ndani ya kiza
ambacho hata mimi mwenyewe sijawahi kukitembelea.

Jumatano, soko la wanawake,
nilinunua maziwa ya mgando kwa mama wa Kibedui.
Marehemu mama, mzaliwa wa Wete,
aliyagandisha kwenye kibuyu na hakujua jina la kiumbe yeyote.
Nakunywa kikombe kila asubuhi. Nakula dengu, nakula majani.
Sijapungua.
Linanguruma kidogo tu, kama jirani aliyeanza kuitikia salamu.
Zawana bado anahesabu halwa.

Jana nimefuata buibui.
Fundi Mofizul akaligeuza ndani nje,
akanionyesha kitambaa kilichokunjwa kwenye mshono,
upana wa vidole viwili, kimelala.
"Nimeacha akiba, mama," akasema.
"Ya kupanua. Au ya kubana.
Mimi sijui.
Nimeiacha tu."